Tandiko la vipande 110 na uzi uliobaki

Kazi ilikuwa tandiko la kitanda cha futi tano kwa sita, la kufuma kwa kroshia, uzi wa pamba rangi ya maziwa. Vipande vya mraba 110, kumi kwa upana na kumi na moja kwa urefu, kila kimoja sentimita 20. Ukishaviunga unapata mita mbili kwa mita mbili na sentimita 20, linafunika godoro na kuning'inia pande zote. Mwenye kazi ni mama wa Mikindani, mtu mzima, ambaye ukiulizia vitambaa vya makochi au seti za watoto wachanga utaelekezwa kwake moja kwa moja. Mteja ni mama mzazi wa bibi harusi, mkazi wa Mtwara mjini. Alitanguliza sehemu ya fedha malipo ya korosho yalipoingia, nyingine akaahidi kuimalizia siku ya kuchukua mzigo. Harusi nyingi za huku hupangwa hivyo: korosho kwanza, ndoa baadaye.

Vipande vyote 110, kazi ya wafumaji wanne, yeye akiwa mmoja wao, vilifika kwa wakati. Shida ilikuja kwenye kuviunga.

Mwenye kazi aliunga safu tatu za kwanza usiku, chini ya taa, maana siku zilikuwa zimebana. Kulipokucha akatandika barazani alichokiunga. Tandiko halikukubali kulala. Mahali lilivutika mpaka matundu yakapinda, mahali lilituna kama chapati kwenye kikaango. Halafu jua lilipopanda, vipande viwili vikaonekana vina umanjano ambao usiku haukuwepo.

Nilipoitwa kwenda kutazama, nilikuta hukumu imeshatolewa.

“Ni mikono, mwanangu,” mwenye kazi aliniambia, hata sijamaliza kuvua viatu. “Watu wanne, mikono minne. Ungetegemea nini?”

Sikatai kwamba mikono inatofautiana. Mwenye haraka huvuta uzi, aliyetulia huuachia. Mkono wa jasho la pwani mwezi wa tatu si mkono wa Newala mwezi wa saba, kule juu kwenye baridi na ukungu ambako uzi unateleza kidoleni bila kunata. Lakini “mikono” limekuwa jibu la kila kitu kwa wafumaji, na jibu la kila kitu linawazuia watu kushika rula. Baada ya kupima, mimi nililiona tatizo mahali pengine kabisa, kwenye maneno matatu aliyoyasema mwenye kazi siku ya kugawa uzi.

Hesabu yake ya mwanzo ilikuwa safi, lazima niseme. Uzi aliuagiza Kariakoo kwa mara moja, madonge 60 ya gramu 50, ukaja kwa basi. Akafuma kipande cha mfano kwa kroshia, ile sindano ya ndoana, ya unene wa milimita 4, mizunguko 12, akakipima: sentimita 20, gramu 25. Maana yake donge moja linatoa vipande viwili, na vipande 110 vinakula madonge 55. Akampa kila mtu madonge 14, jumla 56, akaweka manne ya kuungia na ya pindo. Yeye mwenyewe akabeba vipande 27, dada wa Newala 27, dada wa Chikongola 28, dada wa Ufukoni 28. Malipo shilingi 1,000 kwa kipande, ambayo kwa maoni yangu ni kidogo, kwa sababu kipande cha mizunguko 12 kinamaliza saa nzima ya mtu mwepesi, lakini ndiyo bei ya huku na hakuna aliyelalamika. Kisha, wakati wa kuagana, akasema: “Kinachobaki ni chako.”

Ni kauli ya kawaida. Fundi cherehani naye hubaki na mabaki ya kitambaa, na hakuna mteja anayerudi kudai vipande vya kanga vya upana wa vidole vitatu. Mwenye kazi aliisema kama takrima, apunguze maneno juu ya nyuzi za mwisho mwisho. Lakini uzi wa kroshia si kama kitambaa cha kukata. Kitambaa kikishapimwa na kukatwa, mabaki yake yanajulikana. Uzi wa kroshia unabaki mwingi au mchache kulingana na mfumaji anavyoamua kitanzi kiwe kikubwa kiasi gani, na uamuzi huo anaufanya peke yake, nyumbani kwake, mara maelfu.

Tulimwaga vipande vyote juu ya mkeka, tukavitenga kwa mfumaji, nikachukua rula na mizani ya jikoni.

Kwanza nilihesabu mizunguko. Kila kipande kilikuwa nayo 12 kamili. Hakuna aliyeiba mzunguko. Kwa asiyefuma, kipande cha aina hii kinaanza na mnyororo mdogo unaofungwa ukawa duara. Mzunguko wa kwanza una mafungu manne, kila fungu vitanzi virefu vitatu, fungu moja kila ubavu. Wa pili una mafungu manane, wa tatu 12, na kila mzunguko unaongeza manne, mpaka wa 12 wenye mafungu 48. Hapo kila ubavu wa mraba una vitanzi 36. Ukijumlisha kipande kizima ni mafungu 312, sawa na vitanzi virefu 936. Tandiko zima linavuka vitanzi laki moja. Ndiyo maana kosa dogo sana, likirudiwa kwa uaminifu, linakuwa kosa kubwa.

Vya mwenye kazi vilikuwa sentimita 20. Vya Newala pia sentimita 20, vyote 27, na sina zaidi la kusema juu ya huyo dada isipokuwa kwamba alikuwa na rula yake.

Vya Chikongola vilinifanya nikae chini. Vinne vilikuwa sentimita 20 barabara. Vilivyobaki 24 vilikuwa sentimita 18 na nusu, vyote, kama vimetoka kwenye mashine moja. Vile vinne ndivyo alivyovileta mapema ili mwenye kazi avione, vikasifiwa. Mkono wa mtu haubadiliki ghafla namna hiyo, kutoka kipande cha nne kwenda cha tano, kisha ukatulia hapo hapo mpaka mwisho. Kinachobadilika namna hiyo ni chombo.

Vya Ufukoni vilikuwa sentimita 21, vyote 28.

Tofauti ya kipande cha 18 na nusu na cha 20, ukiigawanya kwa mizunguko 12 na kwa pande mbili, ni zaidi kidogo ya nusu milimita kwa kila mzunguko. Jicho haliioni mtu anapofuma. Safu ndiyo inayoiona: vipande kumi vya Chikongola vinafika sentimita 185, vipande kumi vya Ufukoni vinafika 210, na hizo ni safu mbili zinazotakiwa kulala sambamba. Kwa sababu wote walikuwa na vitanzi 36 kila ubavu, mwenye kazi aliunga kitanzi kwa kitanzi bila kikwazo. Sindano haikumwonya. Hesabu ya vitanzi ilikubali, urefu ukakataa.

Ukivitazama kwa karibu, huhitaji hata rula. Kwenye kipande cha Chikongola vitanzi virefu vimesimama vifupi na vinene, vimebanana, na tundu la kona halipitishi ncha ya kidole kidogo. Kwenye cha Ufukoni, tundu lile lile linapitisha kidole cha shahada bila kugusa uzi, na vitanzi vimelala kidogo upande kwa uvivu. Ukikiinua kwenye mwanga, cha kwanza kinaonekana kitambaa, cha pili kinaonekana wavu.

Mwenye kazi aliwaita wote wawili. Nilikuwa na wasiwasi pangegeuka baraza la kesi, lakini dada wa Chikongola hakujificha hata kidogo.

“Shangazi, si ulisema kinachobaki changu?” alisema. “Vile vinne vya kwanza nilifuma kwa namba nne, nikaona donge linaishia pale pale. Nikashika namba tatu na nusu. Mizunguko ni ile ile uliyosema.”

Hiyo ni kweli tupu. Aliambiwa mizunguko 12, akatoa mizunguko 12. Hakuambiwa sentimita. Kwa kroshia ndogo kila kipande kilimgharimu gramu 23 badala ya 25, na mwisho wa vipande 28 alibakiwa na gramu 48, donge zima kasoro kidogo. Donge hilo alishalifuma kofia ya mtoto mchanga, na kofia ilishauzwa. Mtu wa mbali atashangaa nani ananunua kofia ya kufuma kwenye joto la Mtwara, lakini mama anayejiandaa kwenda kujifungua anabeba kofia na soksi awe Mtwara au Makambako, kwa sababu kichanga hupoteza joto haraka, zaidi kichwani, hata pale sisi tunapojipepea. Kofia moja haizidi donge moja. Soko lipo mlangoni.

Dada wa Ufukoni alikaa kimya muda mrefu zaidi. Yeye alitumia kroshia ya milimita 4 kama alivyoelekezwa, ila mkono wake umeachia. Vipande vyake kumi nilivipima kwa pamoja vikawa gramu 262. Kwa ulaji huo, madonge 14 yalimtosha vipande 26, yakamwachia kipande cha 27 katikati. Akaenda dukani Mtwara mjini, akanunua donge moja la rangi ya maziwa kwa shilingi 3,000 zake, akamalizia. Hakumwambia mtu.

“Niliona haya, mama,” alimwambia mwenye kazi. “Wenzangu watabakiwa na uzi, mimi nije niseme umepungua? Mngesema nimeutia mfukoni.”

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Kauli moja, “kinachobaki ni chako”, iliwafikia watu wawili ikafanya kazi mbili. Yule mwenye kroshia ndogo ilimpa donge. Yule mwenye mkono mpana ilimnyima mdomo, kwa sababu mahali ambapo uzi unaobaki ni faida, uzi unaopungua unakuwa tuhuma. Kati yao pana tofauti ya shilingi 6,000 kwenye malipo ya shilingi 28,000, na aliyeumia ndiye aliyetumia kroshia aliyoambiwa. Halafu tunasema ni mikono.

Wapo waliosema dada wa Chikongola akatwe fedha kwa kumpunja mteja. Kwamba alijua vipande vinapungua, sina shaka. Mtu anayefuma kwa riziki anajua kipande chake kikipungua sentimita moja na nusu, na angeweza kuuliza. Hapo simtetei. Lakini vipande vyake vilipokelewa kwa mafungu, mara nne au tano, na kila mara mpokeaji alihesabu mizunguko tu. Ukimkata yeye, itabidi useme pia kwa nini aliyepokea asikatwe.

Nirudi kwenye ile rangi, kwa sababu ilikuwa na sababu yake peke yake. Kipande cha 27 cha dada wa Ufukoni ni somo zuri la kushika mkononi: mizunguko kumi ya ndani ni uzi wa Kariakoo, miwili ya nje ni uzi wa Mtwara mjini. Usiku huoni kitu. Kwenye jua unaona fremu. Kipande cha 28 chote ni uzi mpya. Jina kwenye karatasi lilikuwa lile lile, kiwanda kile kile, rangi ya maziwa ile ile, ila namba ya mkupuo ilikuwa nyingine. Kiwanda kinatia rangi uzi kwa mikupuo, na hakuna mikupuo miwili inayotoka sawa kabisa. Kwa hiyo kwenye karatasi inayofunga donge huchapwa namba mbili, ya rangi na ya mkupuo. Watu wengi huku husoma jina, karatasi wakawashia jiko. Rangi za maziwa na nyeupe ndizo zinazoponza zaidi, maana mnunuzi hazichukulii kama rangi. Mtu anayenunua nyekundu atafananisha dukani kwa makini, anayenunua ya maziwa anaona maziwa ni maziwa. Na taa ya ndani inaongopa. Uzi unafananishwa mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, la sivyo usifananishwe.

Kuna aliyeuliza pale barazani kwa nini uzi wa pamba ufuatwe mpaka Dar es Salaam wakati kusini kuna ardhi na jua. Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Kilwa, kwenye mkoa jirani wa Lindi, wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ni vizito vya pia za kusokotea pamba, na vinaonyesha watu wa mwambao huu walisokota uzi wao wenyewe zama mji ule ulipokuwa na nguvu. Siku hizi pamba ya Tanzania ni ya Kanda ya Ziwa hasa, Simiyu, Shinyanga na majirani zao. Mikoa ya kusini iliwekewa zuio la kulima pamba miaka mingi, ili funza mwekundu, mdudu anayeharibu pamba, asipate daraja la kupita kutoka nchi za kusini yetu kwenda kwenye mashamba ya kaskazini. Misufi tunayo, lakini sufi ni fupi, laini na inateleza. Inajaza mto, haishiki msokoto. Kwa hiyo donge likikupungukia Ufukoni, unategemea alichobakiwa nacho mwenye duka.

Sasa dawa. Pendekezo la kwanza lilikuwa kuloweka vipande vidogo, kuvivuta na kuvibana kwa pini juu ya godoro mpaka vikauke vikiwa sentimita 20. Pamba inakubali kuvutwa ikiwa mbichi, hilo ni kweli, na kwa tofauti ya nusu sentimita ningelikubali. Kwa sentimita moja na nusu sikulikubali. Tandiko lingependeza siku ya harusi, likifuliwa mara ya kwanza lingerudi lilikotoka, na bibi harusi angedhani amelikosea yeye. Pasi ilitajwa pia. Pasi inalaza uzi, hairefushi kitambaa. Kufuma upya vipande 24 hakukuwa na uzi wala siku.

Tulichokifanya kilitokana na mizani. Kipande cha Chikongola cha sentimita 18 na nusu, ukikiongezea mzunguko wa 13 kwa kroshia ile ile namba tatu na nusu, kinafika sentimita 20. Mzunguko huo mmoja ni sehemu ya sita ya uzi uliokwisha tumika, chini kidogo ya gramu 4. Kwa vipande 24 unahitaji gramu 92 za uzi wa mkupuo wa zamani. Madonge manne ya kuungia yalikuwepo, lakini ukitoa karibu mawili huko, huungi tandiko.

Upande wa pili, vipande vya Ufukoni vya sentimita 21, ukivifumua mzunguko wa 12, vinabaki sentimita 19 na robo, na kila kimoja kinakurudishia gramu 4. Vipande 26 vya uzi wa zamani vinarudisha gramu 105. Wakubwa wakawalisha wadogo, na gramu 13 zikabaki.

Uzuri wa kroshia ni kwamba mzunguko wa mwisho ndio unaofumuka kwanza. Unatafuta fundo, unalifungua, unavuta. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kunja, ukiufuma hivyo hivyo vitanzi vinakaa vibaya. Tuliuzungushia kwenye mgongo wa kiti, tukauloweka, tukautundika na chupa ya maji ndogo ikining'inia chini mpaka ukakauka umenyooka. Mwenye kazi alifumua zile safu tatu alizounga huku akisonya, na sikumlaumu.

Vipande vya Ufukoni vilivyofumuliwa vikazungushiwa mstari mmoja wa vitanzi vifupi, vikafika sentimita 20. Hapa pana jambo la kuangaliwa, maana sasa hesabu ya vitanzi ndiyo iliyovurugika. Vya kawaida vina 36 kila ubavu, vya Chikongola vina 39, vya Ufukoni vina 33. Kwenye mstari wa vitanzi vifupi, katika kila vitanzi kumi na moja, cha kumi na moja kinatiwa mara mbili. 33 zinakuwa 36. Wakati wa kuunga vya Chikongola, unaunga kumi na viwili, cha kumi na tatu kinarukwa. 39 zinaingia kwenye 36 bila kuvuta. Ukiruka vitatu vyote mahali pamoja utapata kikunjo, ukivigawa havionekani. Nililazimika kulisema hili mara nyingi, kwa sababu mkono uliozoea kitanzi kwa kitanzi hauamini kuruka.

Vipande viwili vya uzi wa mjini tulivipeleka kona mbili za kichwani, mito inapokaa. Bado kulikuwa na pindo, na uzi wa zamani usingetosha kuunga na kupinda. Nikashauri pindo lote lifumwe kwa uzi wa mkupuo wa pili. Rangi ikitofautiana katikati ya kitambaa inasomeka kama kosa. Ikizunguka ukingo wote inasomeka kama nia. Tena zile kona mbili za kichwani zikagusana na pindo la rangi yao, zikatulia. Mwenye kazi alituma mtu mjini na karatasi ya donge, siyo na donge lenyewe, akaleta mawili ya namba ile ile.

Tandiko lililala.

Ikabaki fedha, na hapa tulibishana kuliko kwenye uzi. Mzunguko wa 13 kwenye vipande 24, kwa kiwango cha shilingi 1,000 kwa kipande, ni kazi ya vipande vinne: shilingi 4,000. Dada wa Chikongola alisema haufumi bure. Pale barazani sauti zilipanda, wengine wakaona ni ujeuri, mtu kulipwa kwa kusahihisha alichopunguza. Mimi nilisema alipwe. Alifuma kwa masharti aliyopewa, na masharti mapya ni kazi mpya. Dada wa Ufukoni arudishiwe shilingi 3,000 alizotoa mfukoni. Madonge mawili ya pindo shilingi 6,000. Jumla shilingi 13,000, zote juu ya mwenye kazi, bila kuhesabu muda wake wa kufumua na kuunga upya. Takrima yenyewe, lile donge lililogeuka kofia, lilikuwa la shilingi 3,000.

Alilipa. Alinung'unika, akalipa, na sikutegemea alipe kwa kucheka.

Kazi iliyofuata aliyonayo sasa ni seti 12 za vichanga, sweta, kofia na soksi, na amebadilisha ugawaji. Uzi unatoka kwa mizani na unarudi kwa mizani, na kinachobaki ni chake mwenye kazi. Badala ya takrima ya uzi ameongeza malipo kwa seti. Kiasi gani, ni kati yao. Anayeona uzi unaelekea kupungua anakuja kabla haujaisha, anaongezewa kutoka mkupuo ule ule, na kwa makusudi amewaambia hilo mbele ya wote ili isiwe siri ya mtu. Kroshia anazitoa yeye, amezifunga utepe wa rangi moja mpinini, kwa sababu nyingi za sokoni namba zake zimeshafutika. Na soksi ya kwanza ya kila mfumaji inakuja kupimwa kwa sentimita, kisha ya kati, bila taarifa. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Kipande cha kwanza kila mtu anakifuma vizuri.

Dada wa Ufukoni amepewa kroshia ya tatu na nusu. Kwa mkono wake, hiyo inatoa kipimo kile kile ambacho mwenye kazi anapata kwa namba nne, na hilo lingejulikana tangu mwanzo kama kila mmoja angefuma kipande kimoja cha majaribio kabla ya kubeba madonge.

Mteja alikuja kuchukua mzigo, akalikagua tandiko juani, akauliza kwa nini pindo limekolea. Mwenye kazi akajibu kwamba ndivyo alivyoona litapendeza. Mteja akakubali kwamba limependeza, akalipa salio, na sasa anataka foronya mbili zenye pindo la rangi ile ile. Dukani mjini, mara ya mwisho kuulizia, yalikuwa yamebaki madonge matatu ya mkupuo huo.